Ukoka wa kwenye kivuli Arusha na Moshi: hesabu jua kwanza, nyasi utachagua baadae

Kama uwanja wako una mparachichi mkubwa katikati, au nyumba imebanana na fensi ya tofali, na ulishapanda ukoka ukashika vizuri miezi ya mwanzo alafu ukaanza kupungua mdogo mdogo mpaka saivi umebaki udongo na vijani viwili vitatu, huu mwongozo ni wako. Watu wengi wakifika hapo wanamlaumu fundi, au wanamwaga mbolea, au wananunua tena nyasi zile zile wanapanda upya na zinakufa tena. Shida karibu siku zote ni moja, nyasi walizopanda zinataka jua kuliko jua lililopo pale. Hamna mbolea inayoziba hilo pengo, na hamna fundi hata awe mzuri vipi. Kwa hiyo ukiniuliza nyasi gani nzuri ya kivulini sitakutajia jina kwanza, nitakuuliza hapo unapotaka kupanda panapigwa na jua masaa mangapi mwezi wa sita.

Hizi nyasi tunazopanda huku, ukoka wa kawaida, paspalum, zoysia, kikuyu, pemba, zote ziko kundi la nyasi za joto. Namna zinavyotengeneza chakula chake inataka mwanga mwingi, ndo maana juani zinastahimili joto na kiu vizuri kuliko nyasi za Ulaya. Ukizipeleka kivulini zinarefuka kutafuta mwanga, jani linakuwa jembamba, mizizi inabaki juu juu, na nafasi kati ya shina na shina inaongezeka mpaka udongo unaonekana. Sasa kuna zile mbegu za pakiti kutoka nje zilizoandikwa za kivulini, nyingi ni nyasi za baridi kama fescue na rye, mwezi wa saba zitakuotea vizuri ukafurahi, ila Moshi ya mwezi wa pili joto likiwa limepita nyuzi 30 hazifiki popote. Tunabaki na za joto, na katika hizo zinatofautiana sana ipi inavumilia kivuli na ipi haitaki hata kukisikia.

Hatua ya 1: pima jua lako

Chagua siku ambayo upo nyumbani na hali ya hewa ni ya kawaida kwa msimu huo. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, kila baada ya lisaa toka nje usimame sehemu ile ile upige picha ya uwanja mzima kwa simu. Jioni kaa uziangalie, alafu chora uwanja kwenye karatasi na kila kona iandikie namba ya masaa iliyopigwa na jua lenyewe, sio mwanga tu wa mchana. Utashangaa, uwanja mmoja mdogo unaweza kuwa na kona ya masaa saba na kona ya masaa mawili, na hizo haziwezi kupandwa nyasi moja.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapokosea hesabu. Sisi tuko karibu na ikweta, kusini kidogo, kama nyuzi 3 na ushee, kwa hiyo jua letu la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia kama katikati ya mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa linapita upande wa kaskazini, na kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwanzoni mwa wa tatu linapita kusini. Kaskazini huku hauhitaji kompasi, Arusha mjini ukiutazama Meru na Moshi mjini ukiitazama Kibo umeelekea kaskazini, mgongo wako ndo kusini. Nyumba yenye kimo cha mita 4 mpaka kwenye paa, mwezi wa sita mchana saa sita na nusu inatupa kivuli cha kama mita 2 upande wa kusini. Mwezi wa kumi na mbili kivuli kinahamia upande wa mlima, kama mita moja na nusu hivi. Yaani ule ukanda uliogusana na nyumba upande usiotazama mlima unakosa jua tangu masika mpaka kipupwe kinaisha, zaidi ya nusu mwaka. Mtu akipima ukanda huo mwezi wa kwanza ataandika masaa saba, akirudi mwezi wa saba hapati hata moja, na nyasi haziwezi kuishi kwa kumbukumbu ya mwezi wa kwanza.

Ongeza na mawingu. Mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi zetu mnazijua, wingu linakaa mlimani na linashuka mpaka mjini, kuna siku jua linatoka saa tano au halitoki kabisa, na ukiwa juu kama Ilboru, Sakina ya juu, Kibosho, Machame au Marangu ndo zaidi. Kwa hiyo sehemu inayopata jua la asubuhi peke yake usiipe namba kubwa, kipupwe itakuangusha. Sehemu inayofunguka kuanzia saa saba mchana mpaka jioni ina uhakika zaidi kwa maeneo yetu, japo kwenye vitabu vingi vya bustani utakuta wanasifia jua la asubuhi.

Fensi nayo ina mchango wake. Ukuta wa mita 2.5 ulioko mashariki, saa tatu na nusu asubuhi kivuli chake bado kina urefu wa kama mita 2.5 ile ile, kabla ya hapo ni kirefu zaidi. Kiwanja cha mjini cha nyumba zilizobanana kina fensi mashariki na fensi magharibi na nyumba katikati, ukitoa kivuli cha asubuhi na cha jioni unabaki na masaa manne au matano hata kama hauna mti hata mmoja. Watu wa hivo viwanja hushangaa ukoka unakonda na hawaoni kivuli kimetoka wapi.

Kama hauwezi kusubiri mpaka mwezi wa sita ndo upime, pima leo alafu toa saa moja au mawili kwenye kila namba, na ule ukanda wa kusini wa nyumba wewe uandikie sifuri tu. Namba ya kipupwe ndo ya kuamulia.

Hatua ya 2: kijue kivuli chako, na kipunguze kabla haujanunua chochote

Kivuli cha ukuta na kivuli cha mti ni vitu viwili tofauti. Ukuta unazuia jua lakini haunywi maji yako, na anga likiwa wazi pale juu bado mwanga mzuri unaingia. Mti unachuja mwanga, majani yanachukua ule ule ambao nyasi zinautaka, kinachofika chini ni mabaki, alafu mizizi inagombania maji na chakula na nyasi zako, na katika huo ugomvi mti unashinda kila mara.

Miti pia haifanani. Mjakaranda una majani madogo madogo, jua linapenya, na kwenye kiangazi kabla ya maua unapukutisha majani mengi, kwa hiyo chini yake nyasi nzuri inaishi, ila msimu wa maua uwe unapiga reki, usiache maua yaoze juu ya nyasi. Mgrivea nao unapitisha mwanga ila majani yake makavu yanadondoka mwaka mzima na yanalala kama mkeka, usipoyaondoa yanaua nyasi hata pale penye jua la kutosha. Mwembe na mparachichi ni habari nyingine, kivuli kizito mwaka mzima, na mparachichi mizizi yake ya kula iko juu juu kabisa, ukilima chini yake unaukata mti wenyewe. Mikrismasi iliyopangwa kama ua inafunga jua mpaka chini na udongo wake unakuwa mkavu hata wakati wa mvua.

Kwa miti mingi dawa ni kupandisha matawi. Ondoa matawi ya chini mpaka kimo cha mita 2.5 au 3, na yapunguze machache ya ndani ili mwanga upenye, jua la asubuhi na la jioni litaingia kwa chini ya mti na unaweza kupata masaa mawili zaidi bila kuukata mti. Usitoe zaidi ya robo ya matawi kwa mara moja, mti unaumia. Kata kwa msumeno sio panga, karibu na shina lakini sio kulikwangua shina. Kama mti umegusana na nyaya za umeme usiukwee, waite TANESCO, hao ndo wenye kazi hiyo. Ukishapunguza, pima jua upya. Hiyo namba ya pili ndo unayokwenda nayo sokoni.

Hatua ya 3: linganisha namba na nyasi

Masaa sita mpaka nane na kuendelea. Hapa una uhuru. Ukoka wa kawaida, ule wenye jani jembamba na ua la vidole vidole, na zile aina zake za kisasa wanazoita bermuda, ndo mahali pake. Paspalum pia, ile ya jani laini la kijani kilichokolea linalong'aa, nyasi nzuri sana, inavumilia mpaka maji ya chumvi na ndo maana hoteli za pwani zinaipenda. Lakini zote mbili ni watoto wa jua. Watu wengi wameiona paspalum kwenye uwanja wa hoteli ulio wazi wakaitamani, wakaja kuiweka chini ya mwembe. Hiyo ni hela imekwenda.

Masaa kama matano. Kikuyu inaingia hapa, hasa kama uko juu kwenye baridi. Asili yake ni milima ya Afrika Mashariki hii hii, kwa hiyo kipupwe cha Ilboru au Marangu haiitikisi, inaota haraka, inafunika haraka, na unachokata ng'ombe anakula, kwa wenye ng'ombe wa ndani hiyo sio faida ndogo. Ubaya wake ni kutambaa, ina shina la juu ya ardhi na la chini ya ardhi, itapita chini ya pevingi itokee kwenye bustani ya mchicha na kuing'oa ni kazi ya miaka. Kama una bustani ya mboga karibu mimi singeiweka, au uchimbe mtaro mdogo wa kutenganisha na uwe unauangalia kila wiki.

Masaa manne mpaka matano. Zoysia. Jani jembamba gumu kidogo, inafunga kwa msongamano mzuri mpaka magugu hayapati pa kuingilia, na haitaki kukatwa mara kwa mara. Ni mvivu sana kutambaa lakini, hata juani inaweza kuchukua mwaka au zaidi kufunga uwanja, kivulini ongeza hapo. Kwa hiyo kivulini zoysia inunue kwa vipande vilivyokatwa na udongo wake, usipande vijiti vijiti, utachoka kupalilia kabla haijafunga. Bei yake iko juu na sababu ni huo uvivu, mwenye kitalu ameikalia muda mrefu.

Masaa manne, au mwanga wa kuchujwa mchujo mwepesi siku nzima, hapo ndo pa pemba. Kwa wengi wenu wanaosoma hapa hili ndo jibu. Jina lake la kitaalamu ni Stenotaphrum dimidiatum, jani pana, ncha yake butu sio kali, shina nene bapa linalotambaa juu ya ardhi na kutoa mizizi kila kifundo. Haina shina la chini ya ardhi kama kikuyu, kwa hiyo ni rahisi kuizuia, inavuka mpaka unaikata na panga basi. Kivuli inakivumilia kuliko karibu zote zinazouzwa hapa kwetu. Inachotaka ni maji ya kutosha na isikatwe fupi. Haipendi kukanyagwa sana, watoto wakiigeuza uwanja wa mpira kila jioni kivulini haipati muda wa kujiponya. Kuna wanaosema jani lake sio zuri, ni pana mno. Mimi naona jani pana la kijani ni zuri mara mia kuliko jani jembamba ambalo halipo.

Masaa matatu mpaka manne na udongo una unyevu, kuna nyasi nyingine ya jani pana na laini, pembeni limejikunja kunja kidogo, ua lake ni vidole viwili au vitatu vimesimama kwenye kijiti chembamba. Hii ni Axonopus compressus, asili yake Amerika ya kitropiki, na kwenye nchi nyingi za joto inaota yenyewe chini ya minazi na mashamba ya miti. Udongo dhaifu haiusumbui, kukatwa sana haitaki kwa sababu inakua fupi. Lakini kiu haiwezi kabisa. Rau, Shanty Town, Tengeru, Usa River, sehemu zenye unyevu, itapendeza. Kisongo au Bomang'ombe bila mpira wa maji usijaribu.

Nyasi nyingine inayopendwa sana Afrika Kusini kwa kivuli ni Dactyloctenium australe, inatokea ukanda wa pwani wa kusini mashariki mwa Afrika. Ukikuta kitalu kinayo, chukua, kwa kivuli iko juu.

Chini ya masaa matatu usipande nyasi yoyote ya joto, nitarudi hapo mwishoni.

Na kama uwanja wako una namba mbili tofauti sana, usilazimishe nyasi moja. Weka paspalum au ukoka pale juani na pemba pale kivulini, alafu tenganisha kwa mstari wa mawe au kijia cha pevingi, inaonekana imepangwa hivo makusudi na hakuna atakayejiuliza.

Hatua ya 4: kununua bila kuuziwa kingine

Majina kwenye vitalu vya barabarani yanachanganyikana, mmoja anaita hii kapeti, mwingine anaita kapeti kitu kingine kabisa, na wengi hawana nia mbaya, wameipokea na jina hilo. Kwa hiyo usinunue jina, nunua jani. Shika mkononi, angalia upana, angalia ncha, vuta shina uone linatambaa juu au chini. Alafu uliza hiyo mama yake imepandwa wapi na uombe kuiona. Nyasi iliyokuzwa kwenye jua kali ukiipeleka kivulini ghafla itapoteza majani kiasi mwanzoni, usiogope, ila kama kitalu kina sehemu iliyo chini ya mti na nyasi iko vizuri, chukua ya pale pale.

Angalia pia udongo ulioshikana nayo kama una ndago. Kijinundu kimoja cha ndago kikiingia kwako utakipalilia miaka. Na bei ukiambiwa kwa kiroba, uliza kiroba kimoja kinapanda mita ngapi za mraba, kwa sababu kuna kiroba cha kujaza na kiroba cha hewa.

Kabla haujaagiza kirikuu kizima, nunua kidogo tu cha aina mbili unazozifikiria, upande mita moja kwa mita moja kila aina pale kwenye kona yako yenye giza kuliko zote, umwagilie kama utakavyomwagilia uwanja wote. Acha miezi miwili mitatu. Ikitambaa kutoka nje ya kile kiboksi, umepata nyasi yako. Ikibaki pale pale au ikikonda, umeokoa hela nyingi sana. Najua watu wanataka uwanja uwe kijani kabla ya sherehe ya mwezi ujao, lakini kwa mwenye kivuli hili jaribio ndo kitu cha maana kuliko vyote humu ndani.

Hatua ya 5: udongo

Hapa sio pagumu. Ng'oa nyasi za zamani zote na mizizi, mwagilia, subiri wiki mbili zichipue tena zilizobaki, ng'oa tena. Tifua sentimita 15, changanya samadi iliyooza kabisa, ile nyeusi isiyo na harufu, sio mbichi maana mbichi inakuja na mbegu za magugu na inaunguza. Udongo wetu mwingi wa majivu ya mlima ni mzuri, kama wako ni mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi changanya mchanga mnene na samadi ya kutosha zaidi na uhakikishe maji hayatuami, maji ya kutuama kivulini yanaleta ukungu na ule ukijani unaoteleza. Lainisha na reki, mteremko uelekee mbali na nyumba.

Chini ya mti usitifue. Kwaruza juu tu, ongeza udongo mzuri usiozidi sentimita 5, na usikate mizizi minene. Ukijaza udongo wa sentimita 20 juu ya mizizi ili upate mahali pa kupanda, utapata nyasi mwaka mmoja na mti utaanza kufa kidogo kidogo.

Hatua ya 6: lini na namna ya kupanda

Kila mtu huku anapanda masika, mwezi wa tatu na wa nne, kwa sababu maji ni ya bure. Kwa uwanja wa jua ni sawa kabisa. Kwa uwanja wa kivuli masika ina tatizo lake, nyasi zikianza tu kushika unaingia mwezi wa tano na wa sita, wingu na baridi, na zinasimama zikiwa bado changa. Kama una maji ya uhakika, simtenki au kisima, mimi ningepanda mwanzoni mwa vuli, mwezi wa kumi na moja, zinapata mvua za kuanzia alafu zinapata jua lote la mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, kipupwe kikifika zina mizizi. Isipokuwa ule upande wa nyumba unaotazama mlima, wenyewe kivuli chake ni mwezi wa kumi na mbili, huo panda mwezi wa tatu mwanzoni. Kama hauna maji ya kumwagilia miezi hiyo ya kiangazi basi panda mvua za kwanza kabisa za mwezi wa tatu, usisubiri mwezi wa tano.

Pemba na paspalum hupandwa kwa vipande vya shina, mbegu zake hauzitegemei (zoysia ya kivulini ni vile vipande vya udongo nilivyosema). Kata vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, fukia vifundo viwili na kichwa kibaki nje, kandamiza kwa mguu. Juani watu wanaacha sentimita 20 hata 30, kivulini weka 15 kwa 15, kwa sababu inatambaa pole pole na magugu hayatakusubiri. Kwa 15 unahitaji kama vipande 44 kila mita ya mraba, kwa 20 ni 25. Uwanja wa mita 6 kwa 8 ni mita 48, yaani vipande zaidi ya 2,100 ukitumia 15, panga hesabu na fundi kabla hajaanza ili asije akaachanisha vikamtosha. Panda jioni au siku ya wingu, na usiache viroba juani vinachemka ndani, vipande vilivyochemka havioti.

Hatua ya 7: kuitunza, ambayo kivulini ni kinyume na juani

Kukata. Pemba iache sentimita 7 mpaka 10, zoysia 4 au 5. Jani ndo linalokusanya hicho kimwanga kidogo kilichopo, ukilikata fupi umeinyima chakula. Mwambie fundi mwenyewe, mwonyeshe kwa kidole kwenye jani, maana wengi wakishika kwanja wanakata mpaka chini ili wasirudi haraka. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kisu cha mashine kiwe kikali, jani lililochanwa linashika ugonjwa.

Maji. Kivuli cha ukuta kinakausha taratibu, kwa hiyo usimwagilie kwa ratiba ya jirani mwenye uwanja wa jua. Chomeka bisibisi ndefu ardhini, ikizama kwa urahisi na ikatoka na unyevu, acha. Ikigoma, mwagilia mpaka maji yashuke chini sentimita 15, alafu acha siku kadhaa. Chini ya mti ni tofauti, mti unakunywa, panaweza kukauka kabla ya sehemu ya jua, pima kwa bisibisi hapo peke yake. Siku zote asubuhi. Ukimwagilia jioni kivulini jani linalala na maji usiku kucha, na mabaka ya kahawia ya ukungu yanaanzia hapo.

Mbolea. Nusu ya ile ya juani. Naitrojeni nyingi inasukuma majani marefu laini wakati mizizi haina nguvu, ugonjwa unaingia. CAN gramu 10 kwa mita ya mraba inatosha, kwa uwanja wa mita 48 ni kama nusu kilo, mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli. Kipupwe usiweke, nyasi zimelala hazitaitumia. Rusha jani likiwa kavu alafu mwagilia hapo hapo.

Njia za miguu angalia mapema. Kila uwanja una njia watu wanayopita bila kufikiria, getini kwenda mlango wa jiko, mlango kwenda bombani. Kivulini hiyo njia itakuwa udongo tu hata ufanyeje, weka mawe bapa toka mwanzo.

Pale penye chini ya masaa matatu

Usiendelee kupapigania. Kuna mondo, Ophiopogon japonicus, inafanana na nyasi ya kijani kizito, inakua taratibu, haikatwi, inapenda kivuli ila sio ya kukanyaga. Kuna ule mmea wa majani marefu yenye mstari mweupe unaotoa vitoto vya kuning'inia, Chlorophytum, ni wa Afrika na unafunika vizuri, ila maji yetu mengi ya Arusha yana floraidi nyingi na huu mmea unaumia nayo, ncha zinakuwa kahawia, umwagilie maji ya mvua ukiweza. Zile tradescantia za zambarau zinatambaa haraka na kupendeza lakini kama una mbwa zinawawasha ngozi. Ukanda wa kusini wa nyumba, ule wa mita 2, kokoto au pevingi ni uamuzi mzuri, na maji ya paa hayarushi tope ukutani.

Na chini ya mparachichi wenyewe acha matandazo. Majani yake makavu, maranda, au nyasi ulizokata zikaushe kwanza, unene wa sentimita 5 mpaka 8, uyasogeze mbali na shina kiganja kizima ili gome lisioze, yapanuke mpaka pale matawi yanapoishia. Kuanzia hapo kwenda nje ndo uanze mstari wa kwanza wa pemba.